Njia Mbili za Koo

Mwalimu Felician alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe: kila alipopita buchani alirudi na vitu visivyopikika. Leo jicho la ng'ombe, kesho goti la mbuzi na kano zake zote, keshokutwa moyo uliokwisha kupasuliwa kwa kisu cha shule. Watu wa Ushirombo walimwona mlafi wa ajabu, maana mtu anayenunua macho bila shaka anayala. Wanafunzi wake ndio waliojua. Shule yao ilikuwa na chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni, na ndani yake mlikuwa na meza mbili, darubini isiyo na kioo, na popo.

Basi alifundisha biolojia nje. Alichora moyo kwa chokaa uwanjani, vyumba vinne, kila kimoja kikubwa kuliko goli la mpira, akawageuza wanafunzi kuwa damu. Waliingia na vitambaa vya bluu, wakakimbia hadi kwenye ukuta wa bweni, ambao ndio uliokuwa mapafu, wakabadilisha wakachukua vyekundu, wakarudi mbio. Aliyekosea mlango alitolewa nje. Utumbo nao ulikuwa kamba ya katani iliyozungushwa kutoka jikoni mpaka karibu na choo, na tonge la ugali liliigizwa na kijana mnene kuliko wote, ambaye hakuona raha hata kidogo. Mkuu wa shule alilalamika kwamba hiyo ni michezo. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyoagizwa, mpaka pale alipotaka waelewe.

Coletha, wa kidato cha tatu, alielewa kuliko wote. Hakuwahi kukosea mlango wa moyo. Alikuwa binti mrefu, mpole, mwenye kuuliza swali wakati wenzake wanakusanya vitabu ili watoke, na kwa hilo walimchukia kidogo. Hakulala bweni kama wengine. Kwao hakukuwa mbali, na mama yake alihitaji mikono yake nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na kifua cha baba yake. Kifua hicho kilikuwa kama mgeni aliyekuja akakataa kuondoka: kilipangiwa mahali pa kulala, kilipikiwa, na kila mtu alinyamaza kilipoanza. Baba huyo, Dominiko, alikuwa ametoboa miamba katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akiwa kijana wa mabega mapana, akishika mashine iliyomtikisa hadi meno. Vumbi la mawe lilijaa shimoni hata taa zikawa hazionekani. Wafanyakazi waliomba vitambaa vya kuziba pua. Wakaletewa maziwa. Kila walipotoka shimoni, nyampara aliwapanga mstari mlangoni, kila mmoja na kikombe chake cha bati, akawajazia na kusema, "Kunyweni, wanaume. Maziwa yanaosha vumbi kifuani." Walikunywa na kufurahi, kwa sababu maziwa ni matamu na mtu aliyetoka shimoni ana kiu.

Mgodi ulipofungwa Dominiko alirudi kwao na vitu viwili, kikombe kile cha bati na kikohozi. Kikohozi kilikua. Akaanza kupumzika njiani anapokwenda shambani, kisha akaacha kwenda shambani. Sasa alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba akiivuta hewa kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Lakini hakukata tamaa, kwa kuwa dawa aliijua. Alipoulizwa hali alijibu, "Naosha. Vumbi la miaka mingi halitoki kwa siku moja."

Ng'ombe wao walikuwa wengi, ndigana, homa ile ya kupe, ikawamaliza, akabaki mmoja. Kiangazi kile, mwaka wa sabini na tatu, ng'ombe huyo alitoa kikombe kimoja asubuhi, na jioni kikombe kisichojaa. Cha asubuhi kilikuwa cha Dominiko. Cha jioni nacho kilikuwa cha Dominiko, isipokuwa zile funda chache ambazo mama, Justa, alizibakiza kwenye kibuyu kwa ajili ya Herman, naye mume akajifanya hakuona.

Herman alikuwa kitinda mimba. Mama aliugua homa kali akimnyonyesha, maziwa yake yakakauka, na mtoto akaachishwa kabla ya wakati. Alikuwa ameanza kusimama dede. Akaacha. Miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi ya majani makavu, na ngozi ya mapaja ikaanza kubambuka. Jambo moja tu lilimwamsha: kikombe cha bati kilipopitishwa kwenda kwa baba, aligeuza kichwa na kulia mpaka kilipofika na kunywewa. Muuguzi wa misheni alimwambia Justa waziwazi kwamba ugonjwa huo hauna sindano, dawa yake ni maziwa, mayai na maharage. Justa alipomfikishia mumewe, Dominiko alimpakata Herman mapajani na kumtazama muda mrefu.

"Nikipona nitanunua ng'ombe," alisema. "Huyu atakunywa mpaka akatae. Nikifa, nani atamnunulia?"

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angekuwa mbaya wangemchukia, na chuki ingewasaidia kuamua.

Siku moja Mwalimu Felician aliingia darasani na koo zima la mbuzi, kuanzia ulimi hadi mapafu, limefungwa kwenye majani ya mgomba. Alilitandaza mezani. Akakata bua la jani la mpapai, akaliingiza kwenye bomba la hewa, lile gumu lenye mapete, akapuliza. Mapafu yakainuka, yakajaa, yakageuka mekundu laini. Darasa likapiga kelele za furaha. Kila mmoja alitaka kupuliza, na kila mmoja alipuliza, mpaka mwalimu akawanyang'anya bua.

"Sasa," alisema, "nani anasema mtu akimeza kitu kinafika hapa mapafuni?"

Mikono mingi ilinyanyuka. Katika nchi ile hakuna aliyekosa mjomba au baba aliyewahi kushuka shimoni, na wote walilelewa wakijua kwamba maziwa huosha vumbi. Coletha naye alinyanyua. Kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kuuliza swali.

Mwalimu alimwita mbele. Alimpa maziwa kwenye glasi, akamwonyesha bomba la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza, laini, limelala bapa. "Huu ndio umio. Mimina." Coletha akamimina. Maziwa yalishuka yakatokea chini, yakaingia bakulini yote. Mwalimu akachukua kisu, akalipasua pafu mbele yao. Lilikuwa jekundu na kavu, halina hata tone jeupe.

"Koo lina njia mbili," alisema. "Na hapa juu pana kifuniko, kidakatonge. Ukimeza, kinafunga njia ya hewa. Maziwa yanakwenda tumboni, basi. Yakipotea njia yakaingia huku utapaliwa, na yakizidi yatakuua. Hakuna kinywaji kinachoosha mapafu. Andikeni."

Wote waliandika. Coletha alibaki amesimama na glasi mkononi, akitazama lile bakuli. Aliviona vikombe vyote, vya asubuhi na vya jioni, vya shimoni na vya nyumbani, vikishuka kwa njia ile ile na kulipita vumbi pasipo hata kuligusa. Baba yake alikuwa anakufa, hakuna kilichokuwa kinamwosha, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia.

Alimweleza mama yake jioni hiyo jikoni, kwa sauti ya chini. Justa aliacha kusonga ugali. Alimfanya arudie mara mbili habari ya mabomba, akajishika koo mwenyewe kwa vidole, akimeza mate ili kusikia.

"Una hakika?"

"Nimemimina mimi mwenyewe, Mayu."

"Usimwambie," mama alisema. "Maneno ya mtoto atayaona ni ya kumnyima. Ngoja ajionee."

Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia. Mwalimu Felician aliamua kwamba kidato cha tatu kitaonyesha somo la koo, na kwamba msemaji atakuwa Coletha, kwa Kiswahili, ili wazazi waelewe. Coletha alijaribu kujinasua. Alipendekeza waonyeshe damu ikikimbia uwanjani. Mwalimu akasema damu ilionyeshwa mwaka jana. Akapendekeza maji yenye rangi. Mwalimu akasema maziwa yataonekana hata na aliyekaa nyuma, akauliza nani kwao kuna ng'ombe anayekamwa. Coletha alinyamaza, lakini haikusaidia. Justa alikuwa amekwisha kumwambia mumewe kwamba binti yao atafundisha watu habari ya maziwa na kifua.

Dominiko alichangamka kuliko alivyowahi kuonekana kwa mwaka mzima. "Wanafundisha hayo shuleni sasa?" aliuliza. "Basi wachukue ya kwangu. Siku hiyo sinywi. Yasomeshe watu." Akatoa kikombe cha bati akamkabidhi Coletha kwa mikono miwili, kama kitu cha ibada.

Akatembea mwenyewe hadi shuleni. Alikataa kubebwa kwa baiskeli. Walipumzika mara nyingi hata wakafika hotuba zimeanza, Justa akiwa na Herman mgongoni, na kijana mmoja akampisha mzee kwenye benchi la mbele. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, lililomning'inia sasa kama la kuazima. Coletha alikuwa nyuma ya meza yenye sinia jeupe lililoazimwa dukani kwa Firoz, na juu ya sinia lilikuwepo koo la mbuzi aliyechinjwa asubuhi kwa pilau ya wageni. Alimsikia baba yake akisema na jirani zake wa benchi, kwa pumzi fupifupi.

"Yule ni wangu. Hapo mtaona… jinsi tulivyotunzwa kule. Watu wanasema Wazungu walitutumia… wakatutupa. Mtaona. Kila siku kikombe. Mtu anayekutupa hakupi maziwa."

Coletha alikuwa amejiandaa. Aliyakariri maneno, na alikuwa ameamua, kwa ajili ya Herman, kuyasema yote bila kumtazama baba. Lakini alikuwa amejiandaa kumnyang'anya dawa tu. Hakujua kwamba atamnyang'anya na miaka yake ya shimoni, na nyampara, na mstari ule wa wanaume wenye vikombe, waliodhani kuna mtu anawajali. Aliinua macho. Baba yake alikuwa ameinamia mbele, mikono juu ya magoti, mdomo wazi kidogo, na alikuwa anamtabasamia.

Alianza vizuri. Alipuliza kwa bua la mpapai, mapafu yakainuka, wazazi wakaguna kwa mshangao na Afisa Elimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema, "Sasa tutaona maziwa yanakwenda wapi." Mwalimu Felician, aliyesimama pembeni, alikuwa anatikisa midomo akiyasema maneno pamoja naye.

Coletha alichukua kikombe cha bati. Vidole vyake vilikwisha kuushika umio, ule laini. Akauachia. Akashika bomba gumu lenye mapete, akalifungua kwa vidole, akamimina humo maziwa yote.

Alijua anachofanya. Hakuteleza, wala hakuchanganyikiwa. Mapafu yalianza kuwa mazito juu ya sinia, yakatanuka. Alichukua kisu kabla mwalimu hajamfikia, akapasua. Maziwa yakatoka na povu, meupe kwenye nyama nyekundu, yakasambaa kwenye sinia, na hata aliyekaa nyuma kabisa aliyaona.

"Yamefika," mtu mmoja alisema.

"Ndugu wazazi," Mwalimu Felician alianza, akicheka kicheko cha mtu aliyekwama, "hapa mwanafunzi wetu amekosea njia kidogo. Kama angemimina kwenye…"

Lakini Dominiko alikuwa amesimama, na mtu mgonjwa akisimama watu hunyamaza. Alisubiri pumzi imjie. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali.

"Mmeona," alisema. "Watu wamenicheka. Mke wangu mwenyewe… alianza kutia shaka. Nyampara wetu hakutudanganya. Mmeona kwa macho yenu. Mwalimu, wabeja, asante. Mwanangu, wabeja."

Walimpigia makofi. Afisa Elimu, ambaye alikuwa na shule nyingine ya kutembelea, alipiga pia. Mwalimu alitazama kikombe kilichokwisha kuwa kitupu, akatazama pafu lililopasuliwa ambalo halikuweza tena kuonyesha kitu kingine, na mshereheshaji akatangaza ngoma. Wacheza ngoma walikuwa wamechoka kusubiri, wakaingia mara moja.

Coletha alimtafuta mama yake kwa macho. Justa alikuwa amesimama kando ya uzio na mtoto mgongoni. Hakukasirika. Alimtazama binti yake kama mtu anayemtazama mtu wa mbali ambaye alidhani anamfahamu, kisha akageuka akalikaza vizuri fundo la kanga iliyomshika Herman.

Mwalimu alimkuta Coletha nyuma ya jiko akiosha sinia la Firoz.

"Wewe hukukosea," alisema.

Coletha aliendelea kusugua sinia.

"Nitakuja kwenu nimweleze."

Akaja kweli, siku ya pili yake, na umio wa mbuzi kwenye mfuko. Dominiko alimpokea kwa heshima zote, akamwita mwalimu wa walimu, akamwagiza Justa amkaribishe karanga. Mwalimu alieleza, alichora ardhini kwa kijiti, alieleza tena. Dominiko alimsikiliza mpaka mwisho, akitabasamu kwa upole.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi juu ya binti," alisema. "Najua wakubwa hawakupenda alivyofanya, kwa kuwa hakufuata mliyopanga. Lakini alionyesha ukweli. Mimi nilikuwepo."

Mwalimu alipoondoka, Coletha alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Baba, nilikosea njia makusudi. Maziwa hayafiki kifuani. Nilikuonea huruma."

Dominiko alimwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. "Wamekutisha," alisema. "Wamekuambia useme hivyo ili usifukuzwe. Niambie, yale maziwa niliyoyaona yakitoka kwenye pafu, yaliingiaje?"

"Niliyamimina mimi."

"Basi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua nafasi yote ya mazungumzo. Kilipopoa alikuwa amelowa jasho, lakini macho yake yaling'aa. "Kosa langu ni kwamba sikuwa nikinywa ya kutosha. Kikombe kimoja na kipande, kwa vumbi lote lile. Mwambie mama yako, kuanzia leo asibakize kitu kibuyuni. Nikipona, wote mmepona."

Coletha alimfikishia mama yake, kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena. Justa alisikiliza huku akikamua, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Hakusema kwamba alimwamini binti yake, wala hakusema kwamba angemshinda mume aliyeona kwa macho yake, mbele ya kijiji kizima kilichoona pamoja naye. Wanawake wa jirani walikuwa wameanza kuwapa maziwa waume zao waliotoka migodini, wengine wakimnyima mtoto. Walisema ni somo la binti Dominiko.

Alipomaliza kukamua, Justa alimimina maziwa yote kwenye kikombe cha bati. Alikipindua kibuyu, akakikung'uta, tone la mwisho likadondoka. Akakinyanyua kikombe akampa Coletha.

"Mpelekee wewe," alisema.

Coletha alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na uvuguvugu. Ili kufika kwa baba ilibidi apite pale ambapo Herman alikuwa amewekwa juu ya gunia kuota jua la jioni, miguu yake iliyovimba imenyooshwa mbele yake, nzi wakimtembea kwenye kona za midomo. Alipunguza mwendo. Alijiandaa kwa kile kilio, alichokuwa akikisikia kila asubuhi na kila jioni, na safari hii alikitaka. Alisimama kabisa, akakiinamisha kikombe ili mtoto akione.

Herman alikuwa macho. Alitazama mbele yake, ardhini, na hakugeuza kichwa.

"Coletha," baba aliita kutoka kwenye kigoda. "Yalete yangali na joto."